Mbuzi, Gunia la Mahindi na Wataalamu wa Uchumi

Somo la Uchumi hatulisomi katika shule yetu mpaka mtu afike Kidato cha Tano. Sisi wa Kidato cha Nne twalionja tu ndani ya Jiografia na Historia. Lakini muhula uliopita, katika mdahalo wetu wa siku ya Ijumaa, tuliletewa hoja isemayo kwamba njaa husababishwa na upungufu wa chakula. Mimi nilipangwa upande wa kupinga. Nilinung'unika sana, maana niliona ni sawa na kuambiwa nipinge kwamba mvua hulowesha. Mwalimu wetu wa Jiografia alinicheka, akanichukua mpaka maktaba, akanionyesha rafu ya chini kabisa ambako vitabu vya uchumi hulala na vumbi lao. Akasema, "Soma kwanza, halafu ndipo unung'unike." Basi, hayo niliyoyasoma ndiyo ninayoyaleta hapa, kwa faida ya wenzangu na ya wazazi wanaosoma jarida letu.

Jambo la nyumbani

Hapana budi nianze na nyumbani, kwa sababu bila hilo nisingeelewa hata ukurasa mmoja. Baba yangu ni mfugaji. Mwaka 2022, nilipokuwa Kidato cha Kwanza, ukame ulitushika. Katika mwaka wa kawaida mbuzi mmoja mzuri akipelekwa mnadani huleta gunia la mahindi, na pengine ikabaki fedha kidogo ya sukari na majani ya chai. Mwaka ule mbuzi wanne hawakutimiza gunia moja. Kila mfugaji alikuwa akiuza, mbuzi wenyewe wamebaki mifupa mitupu, na wanunuzi wakawa wanachagua kama watu wachaguao nyanya.

Lakini mahindi yalikuwapo. Wakati wa likizo niliyaona kwa macho yangu, magunia yamepangwa mpaka karibu na dari katika duka la sokoni. Hayakukosekana mahindi, ila ilikosekana njia ya kuyafikia.

Kaka yangu, aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi, alirudi nyumbani kwa kukosa ada. Mjomba alisema mbele ya watu kwamba kosa ni la baba, kwamba angaliuza mbuzi mapema wakiwa wanono tusingalifika pale. Baba hakujibu neno. Nami nakiri kwamba moyoni mwangu nilikuwa upande wa mjomba. Siku ya kurudi shuleni niliagana na baba kwa mkono tu, nikapanda gari.

Kijana wa Saint Lucia

Mtu wa kwanza niliyemsoma ni Arthur Lewis. Alizaliwa mwaka 1915 katika kisiwa kidogo cha Saint Lucia, bahari ya Karibi. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 7, na mama yake akawalea watoto watano wa kiume. Alimaliza masomo ya shule akiwa na miaka 14, akafanya kazi ya ukarani huku akingoja kutimiza umri wa kufanya mtihani wa kupata nafasi ya kusoma ng'ambo. Alitaka kuwa mhandisi, lakini aliona kwamba siku zile serikali ya kikoloni na makampuni ya wazungu hawangempa kazi ya uhandisi mtu mweusi. Kwa hiyo akaenda London kusomea biashara, na huko akaupenda uchumi. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1954 Lewis aliandika makala iliyomletea sifa. Alisema kwamba katika nchi maskini mara nyingi shamba moja la ukoo hulimwa na watu watano, ilhali watatu wangetosha. Kiwanda kikifunguliwa mjini hupata wafanyakazi kwa ujira unaozidi kidogo tu kile walichokuwa wakipata shambani. Faida ya kiwanda ikirudishwa katika kazi badala ya kuliwa, viwanda huongezeka, na watu wa ziada huzidi kuchukuliwa. Siku watu wa ziada wanapokwisha, ndipo ujira huanza kupanda kwa wote. Kwa maoni yake, swali kubwa la maendeleo ni jinsi nchi inayoweka akiba sehemu 4 au 5 katika kila 100 ya pato lake inavyogeuka ikaweka 12 au 15.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni lile alilolisema juu ya bei za mazao. Kwa nini mkulima wa kahawa au wa chai hupata kidogo hivi? Lewis alijibu kwamba mkulima huyo hulinganisha kahawa yake na chakula ambacho angelima katika shamba lile lile. Kama shamba lake la chakula hutoa kidogo, ataikubali hata bei ndogo ya kahawa, maana bado inazidi kile alichokuwa nacho. Kwa hiyo anayetaka kuinua bei ya jasho la mkulima na aanze kwa kuinua mavuno ya chakula. Nchi inayodharau mahindi na mtama ikakimbilia viwanda peke yake itajikwaa.

Tusidhani kwamba mtaalamu akisema basi mambo huwa. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957, Lewis alikuwa mshauri wake wa uchumi, lakini mwaka 1958 aliondoka baada ya kutofautiana na Kwame Nkrumah juu ya matumizi ya fedha katika miradi. Tena, mwaka ule ule wa 1979 tuzo ile waligawana watu wawili. Mwenzake alikuwa Theodore Schultz, Mmarekani aliyekulia shambani, ambaye hakukubaliana na Lewis juu ya hao watu wa ziada. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 Schultz alisema kwamba mkulima wa zamani ni maskini lakini si mzembe wa hesabu. Kwa vitu alivyo navyo mkononi, yaani jembe lile, mbegu ile na ardhi ile, hufanya karibu yote yawezekanayo. Umaskini wake haumo katika akili, umo katika vyombo. Mpe mbegu bora na elimu, utaona.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Nilimkumbuka mjomba na maneno yake, na nikakumbuka kwamba nami niliyaamini.

Mbuzi wa taifa

Mtu wa pili ni Raúl Prebisch wa Argentina, aliyezaliwa mwaka 1901. Katika ujana wake aliwafundisha wanafunzi kama alivyofundishwa, kwamba kila nchi iuze ile inayoweza kuizalisha vizuri na inunue nyingine, na wote watafaidika. Kisha ukaja msukosuko mkubwa wa uchumi wa dunia uliofuata mwaka 1929. Bei za ngano na nyama za Argentina zilianguka sana, lakini bei za mashine hazikuanguka kwa kiasi hicho. Prebisch, ambaye baadaye aliiongoza Benki Kuu ya nchi yake tangu mwaka 1935 mpaka 1943, aliyaona hayo kwa karibu. Mwaka 1949, akifanya kazi na tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Amerika ya Kusini, aliandika kwamba nchi zinazouza mazao ghafi hulazimika, kadiri miaka ipitavyo, kutoa mazao mengi zaidi ili zipate mashine ile ile. Mtaalamu mwingine, Hans Singer, alifikia neno hilo hilo karibu wakati mmoja naye bila kushauriana.

Sisi tunaweza kulifahamu kwa urahisi. Tanganyika ilikuwa mashuhuri duniani kwa katani. Mwaka 1964 ilivuna zaidi ya tani 200,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikashuka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Upande mwingine, bei ya mafuta ya petroli ilipanda sana mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Je, si mbuzi wale wale wa baba yangu? Katani ilikuwa mbuzi wa taifa, mafuta yakawa gunia la mahindi.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Msukosuko uliowapata wazazi na babu zetu katika miaka ya mwanzo ya 1980, walipopanga foleni za sukari na sabuni, haukuletwa na bei za ng'ambo peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi. Tena kulikuwa na makosa yetu wenyewe katika kuendesha mashirika na kununua mazao ya wakulima. Mwaka 1986 Tanzania ilifikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa na ikabadili njia. Wataalamu hawajaacha kubishana ni sababu ipi ilikuwa nzito zaidi, na kama dawa ile haikuwa kali mno kwa maskini.

Hata dawa ya Prebisch ilikuwa na madhara yake. Alishauri nchi zianzishe viwanda vyake na kuvilinda kwa ushuru. Katika nchi nyingi viwanda hivyo vilizoea kulindwa, vikatengeneza vitu ghali, na vikahitaji vipuri vya fedha za kigeni kila mwaka. Prebisch mwenyewe alikuja kuukosoa ulinzi uliopita kiasi, akahimiza nchi maskini ziuze nje vitu vilivyotengenezwa viwandani. Nampenda kwa hilo. Mtu aliyebadili mawazo mara mbili kwa sababu ya aliyoyaona ni mwalimu mzuri kuliko yule asiyebadili kamwe.

Kopo la mchele

Wa tatu ndiye aliyenipa hoja za mdahalo. Naye ni Amartya Sen, aliyezaliwa Bengal, India, mwaka 1933. Mwaka 1943, akiwa mtoto wa miaka 9, njaa kubwa iliingia Bengal. Watu walipita wakiomba, na babu yake akamruhusu kumpa kila mwombaji mchele wa kujaa kopo moja la sigara, lisizidi, ili wengi wapate. Tume ya serikali ya wakati ule ilihesabu waliokufa kuwa milioni 1.5. Hesabu ya Sen mwenyewe baadaye ilikaribia milioni 3.

Mtoto yule aliona jambo ambalo hakulisahau, kwamba karibu wote waliokufa walikuwa wa tabaka moja. Walikuwa vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wadogo wa vijijini. Watu wa nyumba kama yake hawakufa. Alipokuwa mtu mzima alirudi kuzitafuta hesabu za mchele, akazitoa katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya umaskini na njaa. Aliona kwamba chakula cha Bengal mwaka 1943 kilipungua sehemu 5 tu katika 100 kuliko wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kwamba kilizidi kile cha mwaka 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa.

Nini basi kiliwaua watu? Ilikuwa ni wakati wa vita. Wajapani walikuwa wameitwaa Burma mwaka 1942, na serikali ya kikoloni ilimwaga fedha nyingi katika kazi za vita. Bei ya mchele ilizidi mara mbili kati ya Desemba 1942 na Mei 1943. Wafanyakazi wengi wa mji wa Calcutta waliuziwa mchele kwa bei nafuu, lakini kibarua wa kijijini alibaki na ujira wa zamani mbele ya bei mpya. Mashua za wavuvi wengi zilichukuliwa au kuharibiwa zisije zikaangukia mikononi mwa adui. Kwa hiyo mchele ulikuwapo, ila kibarua hakuwa tena na haki ya kuupata, yaani hakuwa na kitu cha kutoa ambacho soko lingekipokea na kumpa chakula.

Hapa ndipo penye kiini cha somo, nami naomba msomaji alishike vizuri. Kila mtu ana kitu anachoweza kukibadilisha na chakula. Mmoja ana shamba, mwingine ana nguvu za mikono, mwingine mbuzi, mwingine mshahara. Kitu hicho kikipotea, au kikishuka thamani mbele ya chakula, mwenyewe atalala njaa hata kama ghala la jirani limejaa. Wataalamu wengine wamezipinga hesabu za Sen, wakisema mavuno ya Bengal yaliharibika zaidi ya alivyodhani. Lakini hata wao hawawezi kusema kwamba njaa iliwachagua watu kwa bahati.

Sen aliyatazama pia mambo ya Ethiopia ya mwaka 1973 na 1974, na hapo nilidhani anaandika habari za mnada wetu. Aliwaeleza wafugaji wa huko. Mfugaji hutegemea nafaka zaidi ya nyama, kwa sababu fedha ya mnyama mmoja hununua nafaka ya kushibisha watu wengi kuliko nyama yake. Ukame ukija humwua mnyama, na yule anayebaki huuzwa kwa bei ya kutupa. Mfugaji hupigwa mara mbili kwa fimbo mbili.

Njaa huzuiwaje?

Kama ugonjwa ni kukosa njia ya kupata chakula, dawa yake si kuleta malori ya nafaka tu. Katika ukame wa miaka ya 1970 hadi 1973, jimbo la Maharashtra huko India lilipoteza mavuno mengi, lakini njaa ya kuua watu haikutokea. Serikali ilifungua kazi za barabara, mabwawa na visima, ikawalipa ujira mamilioni ya watu. Wenye fedha mkononi walinunua chakula, na wafanyabiashara wakakileta wenyewe. Sen amesema pia kwamba katika nchi huru zenye uchaguzi wa kweli na magazeti yasiyofungwa mdomo hapajatokea njaa kubwa, kwa kuwa watawala huogopa kuulizwa. Uchina, kati ya mwaka 1958 na 1961, mamilioni ya watu walikufa njaa na hapakuwa na gazeti la kusema.

Hapa kwetu tuna Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, nao ni wa lazima. Tuna pia TASAF, iliyoanza mwaka 2000, ambayo huzipa kaya maskini ruzuku na kuwapa wenye nguvu ajira za muda. Sasa nafahamu kwa nini vyote viwili vinatakiwa. Wa kwanza hulinda gunia, wa pili humlinda mtu asiye na cha kutoa sokoni.

Kurudi nyumbani

Katika mdahalo upande wetu ulishindwa kwa kura nyingi. Labda nilisema mambo mengi mno kwa dakika tano. Lakini likizo ilipofika nilikuwa na jambo jingine la kufanya. Jioni moja, tukiwa zizini, nilimsimulia baba habari za Bengal na za kopo la mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo bwana wa India, kwao walifuga mbuzi?" Nikamjibu kwamba sidhani. Akasema, "Amejuaje basi?"

Kisha akaniambia jambo ambalo hakumwambia mjomba. Mbuzi aliowashikilia mwaka ule walikuwa majike wenye mimba. Kumwuza jike mwenye mimba kabla hujajua kama mvua itakuja, alisema, ni kuuza mbegu. Kama mvua ingalikuja, wangalizaa, nasi tungalikuwa na kundi na ada ya kaka mwaka uliofuata. Ilikuwa hesabu, na aliipiga vizuri kwa vitu alivyokuwa navyo. Mwaka ndio uliomshinda. Nilimwomba radhi kwa namna nilivyoagana naye. Akasema, "Fungua lango, mbuzi wanakuja."

Kaka bado yuko nyumbani. Vitabu vya uchumi havikumrudisha chuoni, na sitaki kudanganya kwamba vitamrudisha. Lakini vimenifundisha kutomwita maskini mjinga kabla sijauliza alikuwa na nini mkononi, na soko lilimpa nini. Lewis, Schultz, Prebisch na Sen hawakukubaliana katika mengi. Katika hili nadhani wangekubaliana. Mwakani, nikijaliwa kufaulu, nitaomba kulisoma somo hili kwa ukamilifu.

Maswali ya kujipima

1. Mzazi wako hutoa nini ili apate chakula: zao, mifugo, ujira au mshahara? Kitu gani kinaweza kukishusha thamani?
2. Kwa nini Lewis aliona kwamba mavuno ya mahindi yanahusika na bei ya kahawa?
3. Katani na mbuzi wa ukame vinafanana katika nini? Vinatofautiana katika nini?
4. Kijiji kina chakula ghalani lakini watu wanalala njaa. Ungekuwa mkuu wa wilaya, ungeuliza maswali gani matatu kabla ya kuagiza malori?